Nilinyamaza kuhusu ardhi laini, ekskaveta ikateleza mferejini na mwenzangu yuko ndani

Chwaaa.

Halafu kimya kidogo. Halafu kama mtu ametua gunia la nguo mbichi sakafuni: puu.

Hiyo ndiyo sauti ya ukingo wa mfereji ukiachia. Sio kubwa. Ukiwa umefungulia redio huisikii. Mimi niliisikia kwa sababu nilikuwa naisubiri, na aibu yangu inaanzia hapo.

Wakuu, salamu zenu kutoka Kampala. Mimi ni msomaji wa pembeni humu, mwaka wa pili sasa nakunywa chai nikisoma visa vya wenzangu, kuandika sijawahi. Leo naandika. Sitajipamba. Sehemu kubwa ya nitakayosema inanichafua mimi mwenyewe, na mtu hatungi uongo wa kujichafua.

Kiswahili changu ni cha kambini. Baba ni polisi, kwetu ni kaskazini, ila nimezaliwa Naguru kwenye nyumba za polisi, ambako watoto wa kila kabila tulikuwa tunagombana kwa Kiswahili. Kukiandika nimejifunzia humu humu. Nikikosea mtanivumilia.

Tuendelee.

Naitwa Akello, nina miaka ishirini na tatu, shule niliishia senior four. Tangu mdogo napenda ekskaveta. Wenzangu darasani wanachora nyumba na maua, mimi nachora ule mkono wa njano na ndoo yake ya meno. Mpaka leo nikilala naendesha. Dada yangu alihama kitanda kwa sababu napiga mateke nikibadilisha gia, na ekskaveta yenyewe haina gia za namna hiyo. Nacheka mwenyewe hapa.

Mwaka juzi nikapata nafasi kwenye saiti moja bondeni, upande wa chini wa kilima. Kampuni sitaitaja. Kazi ilikuwa kupanua mfereji mkubwa wa maji ya mvua, kwa sababu kila mvua ikinyesha watu wa bondeni wanalala juu ya meza. Mama aliniletea buti za mtumba kutoka soko la Owino, la kushoto saizi sita, la kulia saba. Nilivaa hivyo hivyo, roho nyeupe.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja wa West Nile, mstaafu wa jeshi upande wa mainjinia. Tunamwita Afande tu. Ndiye opareta wa ile ekskaveta, na ndiye anayechagua nani ajifunze.

Miezi minane nilibeba dizeli, nikapaka grisi, nikasafisha cheni kwa mikono. Kitini nilikalia dakika kumi kwa siku, wakati Afande anakula. Nikigusa leva mkono wa mashine unaruka, Afande anapiga kelele kutoka kwenye sahani yake: "Wewe Akello iko nachimba ama iko nasonga posho?" Posho kwetu ndiyo ugali.

Wote wanacheka. Na mimi nacheka. Nilijua siku yangu itafika.

Halafu akaja Furaha.

Furaha ni Mkongo, kwao upande wa Bukavu, anakaa Kamwokya na shangazi yake. Hakuja kuomba kazi ya mashine. Alikuja na sufuria. Shangazi yake ndiye aliyekuwa anatupikia, na Furaha ndiye aliyekuwa analeta ugali, sombe, yaani kisamvu, na samaki.

Siku moja Afande, kwa utani tu, akamwambia kwamba mtu anayesonga ugali wa watu thelathini hawezi kushindwa na leva mbili. Akampandisha.

Wakuu, yule msichana alishika leva kama anashika mkono wa mtoto. Ndoo ikashuka taratibu, ikachota, ikapanda, ikamwaga. Hakuna kuruka. Madereva wa tipa wakapiga honi.

Afande akasimama na mwiba wa samaki mdomoni. Akasema, "Huyu anasonga vizuri."

Mmeona hapo? Kwangu kusonga ni tusi, kwake kusonga ni sifa.

Kuanzia siku hiyo dakika zangu kumi zikawa tano, tano zangu nyingine zikawa zake. Mwezi haujaisha, ana nusu saa. Mimi napaka grisi, namwona yuko juu, kilemba chake cha kitenge kinaonekana kwenye kioo.

Na mbaya zaidi alikuwa ananipenda. Aliniita Yaya, kwao maana yake ni dada mkubwa, sio yaya wa kulea watoto. Akigawa chakula, kipande kikubwa cha samaki ni changu. Nilikuwa nakila huku nimekasirika. Kumwonea wivu mtu mbaya ni kazi rahisi, unamchukia basi. Kumwonea wivu mtu anayekuwekea samaki kunachosha mwili.

Nilianza kutafuta makosa yake. Anachelewa. Anaimba sana. Hajui jina la hata boliti moja. Nikifika nyumbani namweleza dada, dada ananiuliza, sasa huyo amekukosea nini? Narudia habari ya boliti.

Ikaja habari kwamba ekskaveta ya pili inaletwa, kuukuu, kutoka saiti nyingine. Kiti kimoja, sisi wawili. Injinia angekuja Alhamisi kutazama kazi, na baada ya hapo Afande angetaja jina la atakayekaa kwenye kiti hicho. Kiti chenyewe ni kazi ya kuandikwa, sio ya kibarua. Ni ile ndoto yangu ya kuchora, inakuja juu ya lobedi, lile trela la kubebea mashine.

Sasa hapa nawaomba msome polepole, hasa mlio kwenye kazi za mashine.

Afande ana kawaida aliyotoka nayo jeshini, anaiita kuonja ardhi. Asubuhi, kabla mashine haijasogea karibu na maji, mtu anachukua nondo ndefu kuliko yeye na kupita njia yote ambayo cheni zitapita. Kila hatua anachoma. Nondo ikigoma, endelea. Ikizama kirahisi, simika kijiti na kitambaa chekundu, mashine haifiki hapo. Na ukichomoa nondo ukaona maji yanapanda kwenye tundu, kimbia, maana yake maji yameshakula udongo kwa chini na wewe umesimama juu ya dari.

Halafu kuna sheria kubwa kuliko hiyo. Aliyeonja ndiye anayepanda kitini. Sio mtu mwingine. Afande anasema ukidanganya, unadanganya matako yako mwenyewe.

Alhamisi hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, tulichelewa kuanza, na injinia alikuwa njiani. Afande akavunja sheria yake. Akasema Akello aonje, Furaha awashe injini ipate moto, tuokoe muda.

Nikashika nondo.

Sehemu ya kwanza ardhi iligoma vizuri. Nilipofika kama hatua nne kutoka ukingoni, nondo ikaingia. Sikusukuma. Iliingia kama kijiko kwenye uji. Nikachomoa, tundu likajaa maji polepole, rangi ya chai.

Nikarudi nyuma hatua mbili kuelekea kilimani, kando kidogo ya matundu ya kwanza, nikachoma. Maji. Hatua mbili tena. Maji. Ulikuwa mstari, unatoka juu kilimani unapita chini ya ukingo mpaka mferejini.

Kitambaa chekundu nilikuwa nacho mkononi tayari.

Ndipo nikamsikia Afande nyuma yangu, anamwambia Furaha kwa furaha yake yote kwamba leo injinia anakuja kumwona yeye, akae vizuri. Dereva mmoja wa tipa akauliza, na Akello je? Afande akasema, "Akello atapata ile ya tatu."

Hakuna mashine ya tatu, wakuu. Hakukuwa na mpango wa mashine ya tatu. Walicheka mpaka yule dereva akashika mbavu.

Nikakunja kitambaa. Nikakiingiza mfukoni mwa ovaroli.

Najua mtaniuliza nilitaka nini. Nitawaambia ukweli. Sikutaka aumie. Nilitaka azame kidogo. Cheni moja tu, mbele ya injinia. Achekwe kama nilivyochekwa. Nilipiga hesabu kichwani kwamba mashine ingekaa kwenye tope kama ng'ombe aliyechoka, tungemtoa, na jina langu lingetajwa.

Furaha akasogeza mashine, mlango umefungwa kwa ndoano ubaki wazi kama tulivyofundishwa tukiwa karibu na maji. Akasimama, akatoa kichwa.

"Yaya, udongo iko muzuri?"

Nikasema, "Iko."

Neno moja.

Alikuja sawa kabisa. Cheni zimeelekea majini moja kwa moja, sio ubavu, ndoo iko chini karibu na ardhi, mwendo wa konokono. Hakuna alichokosea. Na hiyo ndiyo sauti niliyowaambia mwanzo. Ukingo ukaondoka wote, sio upande wa cheni moja, upana wa nyumba. Mashine ikainamisha pua, ikateleza, ikalalia kushoto, na maji ya mvua yakaanza kuipiga.

Mlango wa kabini uko kushoto. Upande wa maji.

Afande alikuwa anakimbia huku anapaza sauti ashushe ndoo, ashushe ndoo, na asizungushe. Kwa wasiojua: kichwa cha ekskaveta kinazunguka na kina uzito mkubwa nyuma. Ukiwa umeinama ukazungusha ili ukimbie, ule uzito ndio unakupindua. Mtu akiogopa, mkono wake unataka kuzungusha. Mimi ningezungusha, nawaapia.

Furaha hakuzungusha. Alikita ndoo chini ya mfereji kama mtu anayejishikiza kwa fimbo, mashine ikasimama. Akazima injini. Maji yalishafika kwenye kiti. Afande akamwonyesha kwa mikono atoke kwa kioo cha nyuma, apande juu ya injini, atokee upande wa kilima. Akatoka. Kiatu kimoja kilibaki.

Mimi nilikuwa nimesimama na nondo. Sikuweza hata kuiweka chini.

Injinia alifika dakika hiyo hiyo, mwavuli mkononi.

Furaha amelowa chapa, amefunikwa kitenge cha shangazi yake, na neno la kwanza alilosema ni kwamba kosa ni lake, alisogea mno. Hakusogea mno! Injinia akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika yote, ila la mwisho lilikuwa kwamba mpishi arudi kwenye sufuria. Kisha akanigeukia, akaniita bibie kwa Kiganda: "Nyabo, wewe ndiye utapanda ile mpya."

Wakuu, nilisema sitajipamba. Nilifurahi. Kwa muda wa kumeza mate mara mbili hivi, nilifurahi kweli. Nilimwona Furaha ana kiatu kimoja na bado nikafurahi.

Sasa kuitoa mashine.

Fomeni, msimamizi wa vibarua, alitaka tipa ifunge mnyororo kwenye mkono wa ekskaveta ivute haraka kabla mvua haijarudi. Afande akakataa katakata. Alisema ukivuta kwa mkono unang'oa mkono, ukivuta haraka unapindua, na mnyororo ukikatika unakata mtu miguu. Watu wakapanga magunia ya mchanga upande wa juu, maji yakapungua. Vibarua wakachimba nyuma ya mashine, wakaukata ule mteremko ukawa njia ya kulala, wakatandika magogo ya kalitunsi, yaani mkaratusi. Waya nene ikafungwa kwenye fremu ya chini, katikati ya cheni.

Ile ekskaveta ya pili ilikuwa imefika juu ya lobedi tangu asubuhi. Ndiyo ingevuta. Afande akapanda mwenyewe, akatazama ardhi, akachagua pa kusimama: nyuma kabisa, upande wa kilimani, mstari mmoja na iliyozama.

Juu ya ule mstari wangu wa maji.

Fomeni akamuuliza kama tusionje kwanza. Afande akajibu bila hata kunitazama kwamba Akello ameonja mpaka kule asubuhi, iko sawa. Akaanza kusogea.

Aliniamini, mnaelewa? Yule mzee aliyenicheka miezi yote aliniamini mpaka akaweka mwili wake juu ya neno langu. Nami nilikuwa nimepata nilichotaka. Nikinyamaza dakika tano tu, labda ardhi ingebeba. Labda. Nilianza kuipigia hesabu hiyo labda. Halafu cheni ikapita kwenye tundu langu la mwisho, nikaona maji yanatoka pembeni.

Nikakimbia nikasimama mbele ya mashine, mikono juu.

"Afande, hapo hapana."

"Asubuhi wewe nasema iko."

"Asubuhi niliona maji."

Akazima injini. Akatoa kichwa kwenye kabini. "Wewe naona maji," akasema pole pole, "halafu?"

"Halafu nikaficha kitambaa."

Nikakitoa mfukoni. Kilikuwa kimelowa jasho. Injinia, madereva, shangazi yake Furaha na sufuria zake, wote wanatazama kile kitambaa. Furaha hakutazama kitambaa. Alinitazama mimi.

Afande alirudisha mashine nyuma kwa mwendo wa kinyonga, akashuka, akaninyang'anya nondo, akachoma mwenyewe. Maji. Akachukua kitambaa, akakifunga kwenye kijiti, akasimika. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Wakahamia upande wa kulia, kwenye marramu ngumu, ule udongo mwekundu wa kokoto. Afande akasema anahitaji mtu ndani ya ile iliyozama, asukume kwa ndoo wakati yeye anavuta, kwani kuvuta peke yake hakutoshi. Madereva wa tipa wakarudi nyuma.

Furaha akasema, "Miye niliingiza, miye nitatoa."

Lakini kwanza alichukua nondo. Akaonja njia yote yeye mwenyewe, hatua kwa hatua, miguu peku. Nilipokuwa nimesimama ndipo njia ilipopita. Alingoja nisogee, nikasogea, akachoma pale pale nilipokuwa.

Kila mtu akafukuzwa mbali na waya, mara mbili ya urefu wake. Afande akakita ndoo yake ardhini kama nanga. Injini ya iliyozama ikakaguliwa, maji hayakuwa yamefika huko, ikawaka. Afande anavuta kidogo, anasimama. Furaha anasukuma kidogo, anasimama. Ishara za mikono tu. Shule ikitoka mchana bado wanahangaika, watoto wamejaa kilimani wanatazama. Saa kumi jioni cheni zikapanda juu ya magogo, watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Nilikwenda kukusanya magunia ya mchanga.

Jioni Afande aliniita pembeni. Alisema maneno machache. Alisema amekosa yeye pia, kugawanya nondo na kiti kati ya watu wawili, na hilo amemwambia injinia. Kisha akasema, "Mutu hapana jua, mimi nafundisha. Lakini wewe najua."

Nikapumzishwa wiki mbili. Niliporudi, kazi yangu ikawa kuosha na kupaka grisi tu. Nondo nisiguse. Kiti akapewa Furaha, injinia akameza maneno yake.

Nilimfuata Furaha kuomba msamaha, niliandaa maneno njia nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Akello, miye nilikuuliza."

Basi. Akaenda. Kuanzia hapo mimi ni Akello, ile Yaya imeisha. Mchana bado anamsaidia shangazi yake kugawa, samaki ananiwekea, ila kipande cha saizi ya kila mtu.

Niliyojifunza nitayasema kwa ufupi kwa sababu mimi si mwalimu. Kwenu mlio kwenye mashine: anayeendesha aonje ardhi yake mwenyewe, hata kama bosi yuko getini, hata kama mvua inakuja. Aliyeonja akikosea bila kujua ni hatari, na akiwa na jambo moyoni ni hatari zaidi. Ukizama, kita ndoo, zima, usizungushe, toka upande wa juu. Na kuvuta hakuna haraka.

Kwenu wengine wote: wivu hauji na sura mbaya. Wangu ulinijia na sauti ya kawaida kabisa, ukaniambia acha azame kidogo tu. Hakuna kidogo. Maji hayajui kidogo.

Na msidhani umeisha. Juzi nilimwona anachimba karibu na daraja, laini vile vile, nikasikia unanichoma hapa kifuani. Tofauti ni kwamba sasa naujua kwa jina.

Mwenye kisa kama hiki na aseme, mwenye kunitukana pia nafasi ipo, nitasoma yote. Hasa naomba aliyewahi kuonewa wivu namna hii aniambie: ulikuja kumwita tena yule mtu kwa jina la zamani, au ndio basi?

Kitu cha mwisho, sijamwambia mtu.

Jumamosi walinipa niioshe ile mashine yake. Wote walikuwa wameondoka. Kwenye kiti nikakuta sweta limekunjwa mara tatu nyuma ya mgongo. Furaha ni mfupi, opareta aliyekuwa na mashine kabla yake alikuwa mrefu, reli za kiti zimeshika kutu pale pale alipoziacha. Siku zote amekuwa anaendesha amekalia ncha ya kiti. Hajamwambia mtu.

Nikakwangua kutu kwa bisibisi. Nikapaka grisi, nikangoja, nikapaka tena. Nikavuta ile leva ya chini kwa mikono miwili, nikasukuma kwa goti, kiti kikaenda mbele. Matundu matatu ya reli.

Nikakikalia nione kama kimeshika. Magoti yangu yakagonga mbele, sikuweza kufikia pedali sawasawa. Hakinitoshi tena.

Nikalikung'uta sweta, nikalitundika kwenye ndoano, nikafunga mlango wa kabini.